Ratiba Inakubali, Kichwa Kinakataa

Familia nyingi za Waswahili zilizoko Marekani zinaijua simu hii. Inapigwa Jumapili, kutoka Morogoro, Kisumu au Bukavu, na baada ya kujuliana hali ya kila mtu hadi jirani, swali linafika: "Na yule daktari wetu, anamaliza lini?" Daktari mwenyewe ana miaka 21, yuko mwaka wa tatu wa shahada ya baiolojia, na mlango wa chuo cha udaktari hajaugusa. Aliyepokea simu anajikohoza kidogo, anasema, "Bado yuko yuko na mitihani, shangazi," na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya sukari.

Shangazi hana kosa. Amezoea njia ya kwetu, ambayo ni fupi na inaeleweka. Tanzania, kijana anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kidato cha tano na cha sita, anasubiri matokeo ya NECTA, na alama zikiwa nzuri anaingia Muhimbili au Bugando moja kwa moja akiwa na miaka 19 au 20. Miaka mitano ya darasani na wodini, mmoja wa mafunzo ya vitendo, na mtaa mzima unamwita dokta. Kenya nako matokeo ya sekondari ndiyo yanayoamua, na chuo ni miaka sita. Wamarekani wameipanga safari yao kwa namna nyingine kabisa. Kwanza unamaliza shahada ya kwanza, miaka minne, ya somo lolote utakalo ilimradi upitie baiolojia, kemia, fizikia na maabara zake. Ndipo unaomba chuo cha udaktari, miaka mingine minne. Baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini, miaka mitatu hadi saba kutegemea fani. Na kati ya shahada ya kwanza na chuo cha udaktari wameweka mtihani mmoja unaoitwa MCAT.

Mimi nafundisha kemia ya ziada jioni katika chuo kimoja huku Texas. Kila Septemba wananijia vijana wa mwaka wa tatu, wengi wao watoto wa Wakenya, Watanzania na Wakongo, na karibu wote wana swali moja: "Anko, nitaubeba vipi MCAT pamoja na masomo ya chuo?" Jibu langu wengi hawalipendi, na wazazi wao ndio hawalipendi hata kidogo. Nawaambia wasiubebe. Mtihani huu haufai kusomwa sambamba na semista kamili. Anayeweza aupeleke likizo. Asiyeweza aongeze mwaka, tena bila kuomba radhi kwa mtu.

Ili tuelewane, tuuangalie mtihani wenyewe. Unaendeshwa na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani. Una maswali 230 katika sehemu nne: kemia na fizikia, ufahamu, baiolojia na biokemia, kisha saikolojia na sosholojia, ambazo ziliingizwa mwaka 2015. Muda wa kujibu peke yake ni saa sita na robo. Ukijumlisha mapumziko na taratibu za kuanza na kumaliza, ni saa saba na nusu hivi ukiwa kituoni. Alama ya chini kabisa ni 472 na ya juu 528. Katikati ni 500, lakini katikati hapo hapamsaidii mtu sana, kwa sababu wanaofanikiwa kuingia vyuoni wana wastani wa kama 511.

Chumba cha mtihani nacho si kama ukumbi wa shule na msimamizi anayesinzia. Simu inafungiwa kabatini. Unageuza mifuko nje, unaweka kiganja kwenye mashine inayosoma mishipa, unaonyeshwa kompyuta yako. Unapewa kijitabu cha plastiki na kalamu ambayo wino wake hufutwa kwa maji, na viziba masikio vya sponji ukivitaka. Kikokotoo hakiruhusiwi, hivyo logariti na vipeuo unavikadiria kichwani. Kuna mapumziko ya dakika 10, ya nusu saa kwa chakula, na mengine ya dakika 10. Ukitoka kwenda kunywa maji unahakikiwa upya kabla ya kurudi kwenye kiti.

Na maswali si ya kukariri. Hapa ndipo wanangu waliolelewa kwa pasti pepa na madesa wanapopata mshtuko. Unapewa taarifa ya jaribio la maabara kuhusu kimeng'enya ambacho hujawahi kukisikia, grafu mbili, jedwali moja, kisha unaulizwa kingetokea nini kama asidi amino fulani ingebadilishwa na nyingine. Ni kweli lazima uwe unazijua zile asidi amino 20 kwa umbo, kwa chaji na kwa herufi yake. Lakini kuzijua ni nauli tu. Safari yenyewe ni kufikiri chini ya saa inayorudi nyuma pembeni mwa skrini.

Sasa tupige hesabu. Wanafunzi wanaonijia wote wana ratiba, tena nzuri, zenye rangi: kijani darasa, njano maabara, nyekundu MCAT. Semista ya kawaida ni krediti 15, yaani kama saa 15 darasani kwa wiki. Kanuni inayotajwa vyuoni ni kwamba kila saa ya darasani inadai saa mbili za kujisomea, kwa hiyo jumla ni 45. Wafundishaji wa MCAT hutaja saa 300 kuwa kiwango cha maandalizi ya maana. Zigawe kwa wiki 15 za semista, unapata 20 kwa wiki. Tumefika 65. Ongeza kazi. Vijana wetu wengi wanabeba boksi, na boksi la hawa ni kuhudumia wazee kwenye nyumba za kulelea wazee, zamu mbili za saa nane. Hapo ni 81. Wiki ina saa 168. Toa usingizi wa saa saba kila usiku, zinabaki 38 za kula, kuoga, kupanda basi, kusali, kujitolea hospitalini kama vyuo vya udaktari vinavyotarajia, na kupokea simu ya shangazi.

Inatosha, na kwa sababu inatosha ndiyo inawadanganya watoto. Kama hesabu ingekataa, wangeacha mapema.

Kinachovunja ratiba ni kwamba saa hazina uzito sawa. Saa ya kumi jioni baada ya maabara ya masaa matatu si sawa na saa nne asubuhi ya Julai. Halafu mtihani ulio karibu siku zote huushinda ulio mbali. Alhamisi kuna jaribio la kemia ogania. MCAT ni Aprili. Mtoto mwenye akili timamu atasoma nini Jumanne usiku? Atasoma kemia. Wiki inayofuata ni fizikia, inayofuata ni ripoti ya maabara. Mwanafunzi mmoja alinionyesha simu yake mwezi Novemba, ile programu ya kadi za kukumbushia iitwayo Anki: kadi 1,400 zilizopitwa na muda, zinamsubiri. Programu ile imejengwa juu ya jambo lililochunguzwa na Mjerumani Hermann Ebbinghaus tangu mwaka 1885, kwamba kumbukumbu hushikwa kwa kurudiwa kidogo kidogo kwa nafasi. Ukiacha wiki tatu, nafasi zimevurugika, na unachokiona kwenye skrini si somo tena, ni deni. Binti yule aliifungua, akaitazama, akaifunga. Alisema anaifungua hivyo kila siku.

Akijilazimisha kulilipa deni hilo, nyekundu ikaila kijani, matokeo yake ni haya, na ninaomba kila mzazi ayafuate kwa kalamu. Mtoto ana krediti 90 kwa wastani wa 3.8, GPA ambayo vyuo vya udaktari vinaiheshimu. Anachukua semista ya krediti 15 huku akisomea MCAT, anapata 3.0. Si kufeli hata kidogo. Ni B tupu, hakuna wa kumlaumu. GPA yake inashuka hadi 3.69. Anabakiwa na krediti 15 kumaliza shahada. Ili arudi kwenye 3.8 angehitaji kupata 4.6 katika semista hiyo ya mwisho, na alama ya juu kabisa huku ni 4.0. Hawezi kurudi. Hata akirudia somo, mfumo mkuu wa maombi ya vyuo vya udaktari unahesabu alama zote mbili, ya kwanza na ya marudio. Na wanakokotoa pia wastani wa masomo ya sayansi peke yake, ambako ndiko huwa ameteleza zaidi.

MCAT, kwa upande wake, una huruma kidogo. Unaruhusiwa kuufanya mara tatu kwa mwaka, nne katika miaka miwili, saba katika maisha. Vyuo vitaona alama zako zote, kwa hiyo si jambo la kuchezea, ila mlango haufungwi. Unaweza kuahirisha, na ukiahirisha mapema unalipa kidogo kuliko ukisubiri. Siku 10 kabla ya mtihani ndiyo mwisho. Sasa kati ya kitu kinachoahirishika na kitu kisichofutika, kipi kisubiri? Sioni hata mjadala.

Wapo wanaofaulu vyote kwa pamoja, sikatai. Niliowaona walikuwa na krediti 12, mbili kati ya hizo za somo jepesi, hawakuwa na ajira, na baba alikuwa analipa kodi ya nyumba pamoja na ada ya kozi ya MCAT, ambayo kwa kampuni kubwa ni maelfu ya dola. Hao wakisimama kwenye ukumbi wa jumuiya kutoa ushuhuda wa jinsi ya kupanga muda, watoto wa wabeba boksi wanarudi nyumbani wakijiona wavivu. Sipendi shuhuda zile.

Kuuahirisha mtihani hakumaanishi kwamba miaka mitatu ya mwanzo unakaa bure ukisubiri. Kuna mambo ya MCAT ambayo darasa lenyewe ndilo maandalizi, na hapa ndipo mtu mwerevu anapookoa nguvu. Biokemia isomwe semista iliyo karibu kabisa na mtihani, isisomwe mwaka wa pili ikasahaulika. Saikolojia na sosholojia ya utangulizi zichukuliwe kama masomo ya lazima ya chuo, si kama vitabu vya kubukua usiku wa mwisho. Mwenye likizo ndefu ya Desemba anaweza kumaliza biokemia vuli na kufanya mtihani wa Januari. Wengi zaidi nawashauri wamalize semista ya Mei, wapumzike wiki moja kwa kweli, kisha wasome Juni na Julai kama kazi ya ofisini, asubuhi hadi alasiri. Mtihani wa Agosti huchelewesha maombi ya mwaka huo, maana matokeo huchukua kama mwezi mmoja na vyuo vingi huanza kuita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia. Sawa. Omba mwaka unaofuata.

Sehemu ya ufahamu inahitaji neno lake. Ni vifungu tisa, maswali 53, dakika 90. Falsafa, historia, sanaa, siasa, hakuna sayansi hata tone. Watoto wetu wengi huiogopa kuliko fizikia. Aliyefika hapa akiwa darasa la sita kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akijifunza Kiingereza kama lugha ya tatu au ya nne, anasoma kwa kutafsiri kimoyomoyo, na dakika 10 za kifungu zinamwishia kabla ya aya ya mwisho. Hili halitibiki kwa miezi miwili ya likizo. Linatibika kwa kusoma kila siku kuanzia mwaka wa kwanza: makala ndefu, insha ngumu, kitabu kimoja cha historia ambacho hakina uhusiano wowote na udaktari. Nusu saa tu, kabla ya kulala. Ni kipande pekee cha MCAT ambacho naruhusu kiingie ndani ya semista, na nakiruhusu kwa sababu kinasaidia masomo mengine pia. Ajabu ni kwamba ndicho wanachokiacha wote, kwa kuwa hakina kadi za kukariri.

Sijagusa bado jambo zito zaidi, ambalo vitabu vya maandalizi vya Kimarekani havilijui. Mtoto wa nyumba ya wahamiaji si mwanafunzi tu. Ni dereva. Ni mkalimani. Mama ana miadi kliniki Jumanne saa tatu, na ingawa hospitali inatakiwa kumpa mkalimani, mama hamtaki mtu wa kwenye simu asiyemjua, anamtaka mwanawe. Barua ya bima imekuja, isomwe. Mdogo wake ana kikao cha wazazi shuleni, aende yeye. Mjomba anawasili uwanja wa ndege usiku wa manane. Na Jumamosi ni harusi, au msiba, au kikao cha michango ya harusi, au kikao cha kujadili kwa nini michango ya msiba haijafika. Yote haya ni utu, na sina ubavu wa kumwambia mtoto amkatalie mama yake kliniki. Lakini hayamo kwenye ile ratiba ya rangi. Hakuna aliyeyawekea rangi.

Kwa wale waliokuja na viza ya mwanafunzi kutoka Dar au Nairobi, kamba ni fupi zaidi. Lazima wabaki na mzigo kamili wa masomo, kwa kawaida krediti 12, la sivyo viza ina matatizo. Kupunguza masomo ili wasomee mtihani si ruhusa wanayoweza kujipa. Vyuo vingi vya udaktari huku, hasa vya umma, haviwapokei wageni wasio na ukaazi. Kijana wa aina hiyo aanze kwa kuulizia vyuo vinavyompokea, kisha ndipo alipie mtihani unaozidi dola 300. Nimeona mpangilio huo ukigeuzwa, na fedha ya ng'ombe wa watu ikaenda.

Pingamizi la wazazi nalijua kwa moyo, kwa sababu nimelisikia sebuleni kwao nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Mwaka mmoja wa kukaa nyumbani baada ya kuhitimu ni mwaka wa kupotea. Atapata kazi, ataonja mshahara, atasahau udaktari. Mikopo itaanza kudaiwa. Na watu watasema nini?

Kwenye mikopo wana hoja: mikopo ya serikali ya shirikisho huanza kudaiwa miezi sita baada ya kuhitimu, na lazima mtu ajipange. Kwa mengine nawajibu kwa upole kwamba mwaka huo si wa kukaa nyumbani. Kijana anafanya kazi ya mshahara kliniki, akiandika kumbukumbu za daktari au akiendelea na wazee wake, anasoma MCAT bila jaribio la fizikia kumvuta shati, anaandika maombi yake kwa utulivu, na vyuo vinavyomsoma vinaona mtu aliyewahi kushika mgonjwa. Takwimu za AAMC zenyewe zinaonyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wanaoanza udaktari Marekani walipumzika angalau mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza. Wastani wa umri wao ni kama miaka 24. Anayechelewa, kwa hesabu hiyo, ndiye aliye kwenye msafara. Watu watasema nini? Watasema kama walivyosema siku zote. Akishavaa koti jeupe watasema walijua tangu zamani.

Kila mwaka wanaomba zaidi ya watu 50,000, wanaingia kama 23,000. Nafasi ni chache kuliko waombaji, na maombi dhaifu yaliyotumwa mapema hayana thawabu yoyote. Ukikosa, utaomba tena mwaka unaofuata, kwa ada mpya, na ule mwaka uliokuwa unaukimbia utakuwa umeupoteza vile vile, tena ukiwa na GPA iliyochoka.

Wenye uwezo mdogo wasiache fedha mezani. AAMC ina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, unaopunguza ada ya mtihani na kutoa vifaa vyake vya mazoezi. Lazima uombe kabla ya kujisajili, si baada. Video za Khan Academy za MCAT, zilizotengenezwa kwa kushirikiana na AAMC, ni za bure. Mitihani ya majaribio iliyotungwa na AAMC wenyewe ndiyo ya kuaminiwa kuliko zote, kwa hiyo isimalizwe mwanzoni. Iwekwe kwa wiki za mwisho.

Na mitihani hiyo ya majaribio ndiyo inayonifanya niwaombe kitu wazazi, mashangazi na viongozi wa jumuiya. Jaribio moja kamili linachukua siku nzima, na linatakiwa lifanywe kwa kukaa mfululizo, kama ilivyo siku yenyewe. Siku pekee inayopatikana ni Jumamosi. Kati ya Juni na siku ya mtihani anazihitaji Jumamosi sita au saba. Katika hizo, tafuteni dereva mwingine wa kumpokea mjomba. Kikao kifanyike bila yeye. Kama kuna harusi, aje saa mbili usiku, ale, acheze, msimuulize anamaliza lini.